Kuutengeneza Mti wa Bunduki ya Kale

Bunduki ya Lee-Enfield, ya namna ile iliyoanza mwaka 1907, ilitumiwa na majeshi ya Uingereza katika Vita Kuu zote mbili, na askari wa Keya waliijua vema. Siku hizi hutunzwa na wakusanyaji wa vitu vya kale na katika nyumba za makumbusho. Chuma chake hudumu kikipakwa mafuta. Mti wake ndio uharibikao, na mara nyingi mharibifu ni mwenyewe, atakaye kuupamba.

Adui wa kwanza ni msasa. Katika mti ule, ambao hasa ni mjozi, mna mihuri midogo ya wakaguzi wa kiwandani na alama za mafundi wa jeshi. Alama hizo zaonyesha bunduki ilikotoka na mahali ilipotengenezwa upya. Zikisuguliwa zimekwisha, wala hapana fundi awezaye kuzirudisha. Tena mti uliosuguliwa hupungua hata bamba la shaba la kitakoni likabaki limetokeza ukingo wake. Mnunuzi mwenye macho huona hayo mara moja, na bei hushuka.

Basi mwenye kibali cha kuwa na silaha na ahakikishe kwanza kwamba hamna risasi, wala katika kasha wala katika mtutu. Kisha aifungue kwa taratibu yake. Hapa wengi huingia hasarani. Kitako hushikwa na skrubu ndefu ipitayo ndani yake, nayo hufikiwa kwa bisibisi ndefu baada ya kuondoa kipande cha ngozi kilichosokomezwa tunduni. Ncha ya skrubu hiyo ni ya mraba, nayo huingia katika kibamba kilichomo katika mti wa mbele. Akiizungusha kabla ya kuuondoa mti wa mbele, ataupasua. Mti wa mbele hutangulia kutoka, sikuzote.

Mti uliojaa mafuta meusi ya miaka mingi hupakwa unga wa chaki uliokorogwa kwa spiriti, ukaanikwa juani. Unga huyafyonza mafuta, nao hupanguswa na kupakwa tena. Kazi hii yataka siku kadhaa, na asiye na subira heri asiianze. Palipobonyea huwekwa kitambaa chenye maji, kikaguswa kwa pasi ya moto. Mvuke huzivimbisha nyuzi za mti zikainuka, lakini palipokatika hapainuki. Karibu na mihuri mvuke usitumiwe, maana huivimbisha nayo pia.

Mwisho ni mafuta ya kitani mabichi, yale yale yaliyotumiwa jeshini. Vanishi ing'aayo haikuwa desturi ya bunduki hii. Mafuta hupakwa kidogo kidogo kwa kiganja, yakasuguliwa hata mti upate joto, na yaliyozidi yakafutwa. Kisha hungojwa siku moja au zaidi kabla ya kupaka tena. Sehemu za ndani zisisahauliwe, hasa pale mti wa mbele unapopokea kishindo cha bunduki ilipigwapo, kwani mti uliokauka hapo husinyaa, ukalegea, ukapasuka.

Matambara yenye mafuta hayo yasirundikwe chumbani. Hupata moto yenyewe, pasipo kiberiti. Yatandazwe nje moja moja hata yakauke, au yatiwe majini.