AFYA YA NYUMBA: PENGO LA GEGO LA MWISHO

Wako wasomaji wa huku Msangano waliotuuliza, Je, jino likiisha kung'olewa, kazi si imekwisha? Nasi twajibu, La. Nusu ya kazi ni ya tabibu, na nusu ya pili ni ya watu wa nyumbani, nayo ndiyo iharibikayo upesi.

Twanena habari ya magego ya mwisho, yale manne yatokayo nyuma kabisa mtu akiwa na umri wa miaka 17 hata 25, yaitwayo meno ya akili. Wengine hawayapati kamwe. Wengine huyapata, lakini taya halina nafasi. Basi jino hulala ubavu, au hutokeza nusu tu, na ufizi hulifunika kama kawa. Chini ya kawa hiyo chakula huingia kikaoza, ndipo huja uvimbe na harufu, na kinywa kushindwa kufunguka. Gego lisilo na udhia liachwe. Hata Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2000 kwamba magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasing'olewe. Bali likiuma na kuvimba mara kwa mara, kungoja si ushujaa.

Gego lililolala ndani ya mfupa halitaki haraka. Lataka picha ya eksirei kwanza, maana mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita karibu na mizizi yake. Wala mtu asitishwe na hadithi za kushikwa na watu wanne: dawa ya ganzi itumikayo sana, lignokaini, ilitengenezwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943, nayo huondoa maumivu, ingawa mtu husikia kusukumwa.

Sasa tuseme habari ya pengo. Damu iliyoganda ndani yake si uchafu wa kuondolewa. Ndiyo bendeji ya mfupa. Kwa hiyo mgonjwa aume pamba aliyopewa kadiri ya nusu saa au zaidi, asiteme mate kwa nguvu, asisukutue siku ya kwanza, asiguse kwa ulimi wala kijiti. Wazee wetu, kwa upendo wao, hutia majivu au tumbaku au majani yaliyopondwa. Hatuwalaumu, lakini tunasema wazi, visitiwe. Na pombe ya ulezi inyonywayo kwa mrija pamoja na maji ya moto, kama ilivyo desturi katika nyanda hizi za kusini, ina madhara matatu kwa mara moja: kileo, moto, na kule kunyonya kung'oako damu mahali pake. Sigara nayo ni vivyo hivyo. Mama wa nyumba ampe uji uliopoa, kwa kijiko, na viazi vilivyopondwa, na mchuzi usio na pilipili. Jembe lipumzike siku mbili tatu, na mwalimu asikimbilie darasani kupaza sauti.

Siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, taratibu, kila baada ya chakula. Kwa maumivu hutumika parasetamoli kwa kipimo alichoagizwa. Aspirini haifai, kwa kuwa huzuia damu kuganda. Uvimbe huzidi hata siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Hilo lisimwogofye mtu.

Linaloogofya ni jingine. Maumivu yakipungua, kisha siku ya tatu au ya nne yakarudi makali, yakipanda hata sikioni, na kinywa kikinuka, yamkini damu imetoka na mfupa u wazi. Mgonjwa arudi kwa tabibu, alisafishe tundu na kutia dawa. Asinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Tena damu isiyokoma baada ya kuuma kitambaa safi saa nzima, au homa, au uvimbe ushukao chini ya kidevu na kuinua ulimi, hata mtu ashindwe kumeza mate au kuvuta pumzi: huo wa mwisho huua. Safari ya kutoka Msangano hata Vwawa ni ndefu, na njia ina vumbi. Mtu huyo asingoje kupambazuke. Atafutiwe chombo usiku ule ule, aketi wima njiani, asilazwe chali.