Suria hakuwa mke

"Suria alikuwa kama mke tu." Maneno haya Pemba utayasikia kwa watu wa heshima, walimu na mashekhe wakiwamo. Hutolewa pale nasaba inapomfikia bibi aliyeletwa kutoka bara, na papo hapo mazungumzo hugeuzwa. Kila mtu anastarehe, isipokuwa bibi mwenyewe.

Mimi nasema si kweli, na wala sihitaji kitabu cha Mzungu kulithibitisha. Tuanze na ndoa. Mke ana walii wa kumwoza, ana mashahidi wawili, ana mahari. Akiachwa hurudi kwao. Suria, yaani mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, aliozwa na nani? Fedha iliyotolewa kwa ajili yake alipewa nani kama si yule aliyemuuza? Na kwao ni wapi, ikiwa alinyakuliwa huko Nyasa akiwa bado mtoto?

Hebu tumfuate njia aliyopita. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Ghafla kisiwa chetu ndicho kikawa cha kutegemewa kwa karafuu, na wenye mashamba wakataka watu wa kupanda, kupalilia na kuchuma. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Haja ilizidi wakati uleule njia ilipozibwa. Majahazi yakawa yanavuka kwa siri kutoka Pangani na kwingineko Mrima, yakijificha kwenye mikoko. Haikuwa biashara ya mchezo: Desemba 1881 Charles Brownrigg, nahodha wa manowari ya Kiingereza HMS London, aliuawa karibu na Pemba alipotaka kulikagua jahazi lililobeba watumwa.

Kwa hiyo mwanamke aliyeshushwa Pemba baada ya 1873 alishushwa kama magendo. Jina lake halikuandikwa, maana kuliandika kungekuwa ushahidi dhidi ya aliyemleta. Hapo ndipo anapozidiwa hata na wafungwa. Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilipeleka Australia wafungwa zaidi ya 160,000, wanawake wakiwa kiasi cha 25,000. Kila mmoja alikuwa na mahakama iliyomhukumu, kosa lake, meli yake, na miaka yake: saba, kumi na minne, au maisha. Wajukuu wao walilificha jambo hilo kwa muda mrefu; leo wanaringia bibi aliyeiba kitambaa London. Bibi yetu hakuiba kitu, na kifungo chake hakikupangiwa miaka.

Utaambiwa kilikwisha tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Seyyid Hamoud bin Mohammed alipotoa amri yake ya kukomesha utumwa. Ndivyo wengi tulivyosomeshwa. Lakini amri ile haikumwachia mtu yeyote kwa mkupuo. Ilisema mahakama hazitaitambua tena haki ya bwana juu ya mtumwa, na mtumwa anayetaka uhuru aende mwenyewe akaudai. Akishaupata, aoneshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo atangazwe mzururaji. Yaani mtu aliyeletwa hapa bila kosa, kosa lake la kwanza kisheria lilikuwa kutokuwa na pa kulala.

Na masuria? Amri iliwaacha nje. Iliwahesabu kuwa watu wa ndani ya nyumba sawa na wake, wabaki walipo, ila atakayedai kutoka kwa sababu ya ukatili. Basi maneno tunayoyarudia barazani kama hekima ya wazee ndiyo komeo alilofungiwa. Nani alikuwa na neno zito la kusema huyu ni suria na yule ni mjakazi wa shamba, kama si bwana mwenyewe? Mwanamke aliyeshinda juani akichuma karafuu angeweza kugeuzwa suria siku ileile aliyoshika njia ya kwenda kwa hakimu.

Najua nitakavyojibiwa: sheria ya dini ilimlinda. Suria aliyemzalia bwana haruhusiwi kuuzwa, bwana akifa yeye huwa huru, na wanawe ni huru na wanarithi. Ni kweli, na si jambo dogo. Mama yake Sayyida Salme, Jilfidan, alikuwa suria wa Seyyid Said, na binti akawa binti wa Sultani. Lakini ulinzi huo unaitazama zaidi damu ya baba. Mama mlango wake hufunguliwa na kifo cha mtu mwingine.

Mwaka 1909 ndipo masuria walipoingizwa katika sheria ya uhuru, na humo likawekwa sharti: atakayeondoka bila ridhaa ya bwana atapoteza haki ya kulea watoto wake. Mke aliyeachwa, hadhana ya watoto wadogo ni haki yake. Wanaosema suria alikuwa kama mke walieleze hilo.

Tena wasituambie kwamba bibi hawa hawana pa kutafutwa. Kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, yamo majalada ya kesi na mirathi kutoka Pemba. Mwanahistoria Elisabeth McMahon aliyatumia kuandika kitabu kizima kuhusu utumwa na uhuru kisiwani humu, kilichotoka 2013. Wanawake waliokuwa watumwa wamo katika majalada hayo, wakidai na kudaiwa, wakigombania mali. Makaratasi yapo. Kinachozuia ni kwamba ukishampata bibi umempata na bwana wake, na wajukuu wa bwana huyo ndio tunaosali nao msikiti mmoja, kama si sisi wenyewe.