Hesabu Nayo Ina Kiswahili Chake

Juzi binti yangu alikwama kwenye homework: (5x² + 3x) − (2x² − 4x). Akaandika 3x² − x. Kosa langu lile lile, nikiwa na umri wake, hapa hapa London.

Bibi yake, aliyefundisha hesabu Tanga, akamwambia: "Mjukuu wangu, alama ya kutoa ikisimama mbele ya mabano inagusa kila kilichomo. Nikikufutia deni la pauni nne, si umeongezeka nne?" Akapata: 3x² + 7x.

Nilifurahi, halafu nikaumia. Mimi shuleni walimshauri mama aniongeleshe Kiingereza tu, akatii. Nikabaki na Kiswahili cha salamu na jikoni.

Jamani, tusiwafanyie watoto hivyo. Kiswahili cha hesabu bado kipo, kimekaa sebuleni. Tukiulize.