SALAMU NI HAKI YA JIRANI
Tusimnyime mzee neno la amani

Wapendwa waamini na viongozi wa walei, Tumsifu Yesu Kristo!

Bila shaka mmekwisha kuitikia "Milele amina" kabla ya kufika mwisho wa mstari. Ndivyo tulivyolelewa, na kwa Mkatoliki wa Ufipa kiitikio hicho hutoka kinywani pasipo kufikiri. Leo twaomba tufikiri kidogo juu ya jambo hilo tulifanyalo kwa mazoea, yaani kusalimiana. Na hasa tuwafikirie wale tusiowasalimu.

Huenda mmoja wenu akauliza: Tume ya Haki na Amani inahusikaje na shikamoo? Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma habari za mashamba, za mirathi ya wajane, za rushwa na za uchaguzi. Swali hilo ni halali. Jibu letu ni kwamba mambo mengi yanayofika mbele ya Tume yakiwa yamekwisha kuwa makubwa, yalianza yakiwa madogo. Na mara nyingi dogo la kwanza lilikuwa salamu iliyokosekana.

1. TUNAYOYAONA

Katika mji wetu wa Sumbawanga iko mitaa ambayo wakazi wake wengi ni wastaafu. Ni walimu, wauguzi, askari na makarani, ambao sheria ya utumishi wa umma iliwaruhusu kupumzika kwa hiari wakiwa na miaka 55 au kwa lazima wakiwa na miaka 60. Wengi walitumikia mbali kwa miaka 30 na zaidi, Dar es Salaam, Mwanza au Tabora, kisha wakarudi na kiinua mgongo chao, wakanunua kiwanja, wakajenga nyumba, wakazungushia ukuta na kuweka geti. Mtu angetazamia kwamba mitaa hiyo ingekuwa mitaa ya mazungumzo, kwa kuwa wenyeji wake wana muda, wana elimu, na wameona mengi. Mahali pengine ndivyo ilivyo, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini pengine sivyo.

Usiku mmoja wa Julai, wakati baridi ya uwanda wetu inapopenya hata katika blanketi mbili, tuliitwa kumpa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa mzee mmoja mstaafu. Mkewe alikwisha kufariki, na watoto wako mbali. Aliyekuja kutuita ni kijana wa bodaboda aliyempelekea mkaa. Tulipotoka tukabisha hodi kwa jirani wa ukuta wa pili, tukamwuliza tangu lini mzee yule ameugua. Akatujibu kwamba hakujua kama anaumwa. Wameishi hapo miaka sita. Kisha akaongeza kwa unyofu: "Padre, nilipohamia sikumsalimu, naye hakunisalimu. Nikaona basi, pengine ndiyo desturi ya hapa." Na wote wawili husali Misa ileile ya kwanza ya Jumapili, ambamo kila mara huambiwa watakiane amani.

Hakuna aliyemchukia mwenzake hapo. Kila mmoja alingoja aanzwe, na katika kungoja miaka sita ikapita.

Jambo la pili tulilionea katika kijiji kimoja, nalo ni zito zaidi. Aliishi hapo mama mjane, mwenye umri mkubwa, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni kama macho ya kila mama aliyepika ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka hamsini. Katika nyumba ya jirani wakafa watoto wawili kwa kufuatana. Hakuna aliyesema neno waziwazi. Kwanza watoto walionywa wazunguke njia nyingine. Kisha akina mama kisimani wakawa wananyamaza anapofika. Halafu salamu yake ikawa inaitikiwa nusu mdomo, na mwisho haikuitikiwa kabisa. Ndipo ikaanza kusikika habari ya kumwita mpiga ramli. Mwanawe alimjia usiku akamhamisha, na hivyo yu hai.

Nasi hatuna budi kukiri kosa letu. Mara nyingi tulipita mbele ya nyumba yake kwa pikipiki tukienda kigangoni, tukapunga mkono, tukaendelea. Kama tungesimama na kumwamkia mbele ya watu, na kuketi kidogo katika kigoda chake, pengine kijiji kizima kingejifunza jambo ambalo mahubiri yetu hayakukifundisha.

2. TULIYORITHI

Haya hayakupasa kutokea Ufipa. Roy Willis, mtaalamu wa mila kutoka Uingereza aliyefanya utafiti kwetu katika miaka ya 1960, aliandika jinsi Wafipa walivyothamini ukarimu na maongezi ya kistaarabu baina ya watu. Wazee wetu hawakulihitaji andiko lake ili kulijua hilo. Kwao salamu ilikuwa kazi yenye hatua zake: mtu alisimama, alijishusha, aliuliza habari za nyumba, za watoto, za shamba na za mifugo, naye mwenzake akajibu moja moja. Aliyepita pasipo kusalimu alihesabiwa kuwa ama ana msiba ama ana nia mbaya.

Lakini mtaalamu huyohuyo, katika makala yake ya mwaka 1968, alieleza pia habari za kamchape, yaani wale waliopita vijijini Ufipa wakidai kuwafichua wachawi na kuwanyang'anya dawa zao. Mababu zetu waliwaona kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930, na wengine wetu tumesimuliwa na wazazi jinsi walivyorudi tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Majina hubadilika, siku hizi mahali pengi huitwa lambalamba, na vyombo vya dola huwaita wapiga ramli chonganishi. Lakini kidole chao hakijabadilika. Tangu zamani hupenda kumwelekea mwenye mvi.

Hivyo tulirithi mambo mawili, ustaarabu wa salamu na hofu ya uchawi, nayo hayawezi kukaa pamoja katika njia moja ya kijiji. Hofu ikiingia, salamu hutoka. Watu wengi hulifasiri jina la mji wetu, Sumbawanga, kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Vema, na litupwe pamoja nao lile shaka linalomfanya mtoto amkimbie bibi yake.

Ikumbukwe pia kwamba kumtaja mtu ovyo kuwa ni mchawi ni kosa la jinai. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, haimruhusu mtu kuwanyoshea wenzake kidole hadharani kwa jambo hilo. Nayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee, yaani mwenye miaka 60 na zaidi, ni hazina na anastahili ulinzi. Sheria na sera ni njema. Hata hivyo polisi hufika baada ya tendo, ilhali jirani yupo kabla yake.

3. MWANGA WA NENO LA MUNGU

Tuifungue Injili ya Luka, sura ya kwanza. Mama Bikira Maria, akiwa binti mdogo, alipokwisha kupashwa habari na malaika, aliondoka kwa haraka akaenda nchi ya milimani, akaingia nyumba ya Zakaria, akamwamkia Elizabeti. Yeye aliyembeba Bwana tumboni ndiye aliyetangulia kusalimu, na aliyesalimiwa alikuwa mama mzee, ambaye watu walikuwa wakimsema kwa ajili ya utasa wake. Ni salamu hiyo iliyomfanya mtoto aruke tumboni. Sisi nasi ni watu wa nchi ya milimani. Je, ni wazee wangapi kwetu wanaongoja mgeni wa namna hiyo?

Bwana wetu mwenyewe, katika mahubiri yake mlimani, alituuliza tunapata sifa gani tukiwasalimu ndugu zetu peke yao, maana hata wasiomjua Mungu hufanya hivyo. Alipowatuma wafuasi 72 aliwaagiza kwamba wakiingia nyumba yoyote, neno lao la kwanza liwe la kuitakia amani. Na alipofufuka, akiwa na kila sababu ya kuwakemea waliomkimbia, alianza kwa kuwasalimu. Mkristo asiyesalimu ameacha mtindo wa Bwana wake.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alitenga vifungu vizima kueleza kwamba upole wa kila siku si pambo la nje tu, bali hubadili maisha ya jamii. Mwaka 2021 aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, inayoadhimishwa Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Kwetu siku hiyo huangukia katika baridi kali, ambapo mzee hukaa ndani na milango hufungwa mapema. Haingeweza kupangwa vizuri zaidi.

4. NENO KWA WAZEE WENYEWE

Haki ina pande mbili. Wako wazee ambao hulalamika kwamba vijana hawana adabu, kumbe wao wenyewe wamekuwa wagumu wa kuamkiwa. Kijana husema "shikamoo", naye hujibiwa kwa swali la ukali, "Wewe mtoto wa nani, na mbona umechelewa kusema?" Safari ya pili atapita upande wa pili wa barabara. Marahaba ni baraka. Isigeuzwe kuwa adhabu.

Wako pia wastaafu waliozoea kuwa wakubwa kazini, na ambao hadi leo hungoja watu wote waanze kuwasalimu. Twawaambia kwa upendo: cheo kilibaki ofisini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 taifa letu lilijifunza kuitana "ndugu", mkubwa kwa mdogo, na ingawa mengi ya nyakati zile yamepita, neno hilo halijachakaa. Shikamoo nayo, ambayo asili yake ni kushika miguu, tumeipokea kuwa heshima kwa umri, si unyenyekevu wa mtumwa kwa bwana. Mkubwa akianza kwa kusema "hujambo mwanangu", hapungukiwi kitu.

Aidha, salamu isiyo na moyo nayo ni hatari. Tunawajua watu wanaosalimu kwa tabasamu na kusengenya kabla geti halijafungwa. Tena iko salamu inayouliza "habari za nyumbani?" na mwulizaji amekwisha kupita kabla ya jibu. Ukimwuliza mzee habari, simama usikie. Huenda akakuambia kwamba tangu jana hajala.

5. TUTENDE NINI?

Hatuhitaji mfuko wa fedha wala barua kutoka jimboni. Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iwataje kwa majina wazee wote wanaoishi peke yao katika eneo lake, wawe Wakatoliki au sivyo, na kila mmoja awe na nyumba moja inayomjulia hali asubuhi. Hodi moja tu yatosha.

Pili, anayehamia mtaani asingojee kuanzwa, na mwenyeji naye asingojee. Atakayemtangulia mwenzake ndiye aliyetii Injili.

Tatu, VIWAWA na watoto wa Utoto Mtakatifu wapelekwe kuwaamkia wazee majumbani, na hasa wale wanaonong'onwa. Viongozi watangulie: katekista, mwenyekiti wa jumuiya, akina mama wa WAWATA, na sisi mapadre mbele ya wote. Mzee aliyeamkiwa hadharani na viongozi wake si rahisi kuguswa na mpiga ramli.

Nne, mtu akiona kwamba jirani ameanza kutengwa, asingoje hadi ufike mkutano wa kijiji. Aje mapema kwa Tume, au kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Kimya cha kisimani ni taarifa tosha.

Yule mzee wa Julai alipona. Jirani yake sasa humpitia kila asubuhi kwenda Misa, na ukuta bado upo palepale. Wamepachika tu kilango kidogo katikati yake. Yule mama mjane bado yuko kwa mwanawe mjini, na kijijini nyumba yake imeanza kubomoka paa. Kati ya nyumba hizo mbili, parokia yetu ingependa ifanane na ipi?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA
(a) Ni nani katika eneo letu ambaye hajasalimiwa juma hili? Kwa nini?
(b) Je, yuko mtu ambaye watoto wetu wamekatazwa kupita kwake? Nani aliwakataza?
(c) Kesho asubuhi, nani ataanza?