Tovuti Ijaribiwe Kwanza Kwenye Simu ya Kapalata

Bandugu, tovuti yenye haifunguke kwenye simu, kwetu Kapalata haiko. Benye kuitengeneza banaijaribu kwenye ordinatere ya ofisi, banapunguza dirisha kidogo, banasema inaenda. Hapana! Muijaribu kwenye Android ya kioo kidogo, rezo ikishuka 2G. Mutaona: klavie inafunika kitufe cha kutuma, PDF moja inakula mega za siku nzima.

Na si mchezo. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Vita ya Siku Sita ya Juni 2000, hapa Kisangani, iko ndani. Orodha yoyote ya bahanga, mama mwenye alipoteza mtoto anapaswa kuisoma kwenye simu yake mwenyewe, bila kulipa mtu wa kumufungulia.

Mbele ya kutangaza, mukuje nayo hapa. Simu tutabapatia.