Tunazijua kuta za New York, za Lubumbashi hatuzijui

Mwezi uliopita nilisimamia jioni ya chemsha bongo katika kitivo chetu. Mada ilikuwa michezo ya kuigiza yenye muziki, na kwa kuwa wengi wetu tunasoma Kiingereza, maswali yote niliyachota Broadway, kule New York. Nilitegemea kuwahangaisha wenzangu kidogo, lakini sikufaulu. The Lion King ilifunguliwa Broadway mwaka gani? 1997, wakajibu kwa sauti moja. Nani aliiongoza? Julie Taymor, na mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony kwa kuongoza mchezo wa muziki. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili alijua hata kwamba majumba mengi yanayoitwa ya Broadway hayako kwenye barabara ya Broadway yenyewe, bali kwenye njia zinazoikata, na kwamba jumba huhesabiwa la Broadway likiwa na viti 500 au zaidi.

Kisha nikauliza swali nililoliona kama zawadi: jina la Sarabi, mama yake Simba, maana yake nini? Simba na Rafiki tunawajua, na Pumbaa tunamtambua katika kitenzi kupumbaa. Kwa Sarabi ukumbi ulinyamaza. Watu zaidi ya thelathini wanaosema Kiswahili tangu utotoni hawakujua kwamba sarabi ni mazigazi, yale maji tunayoyaona mbali juani, na tukifika hayapo.

Hapo mzee anayetunza funguo za ukumbi, aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja tumalize, akauliza lake: «Yote ya kule munayua. Sasa bale ba Mufwankolo, balikuwa banachezaka wapi?»

Hakuna aliyejibu. Mimi mwenye maswali niliangalia karatasi yangu, kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa humo.

Tangu siku hiyo nimekuwa na wazo moja, nami naliweka hapa mbele ya wanafunzi na walimu: tuanzishe matembezi ya kuongozwa juu ya historia ya michezo ya kuigiza ya Lubumbashi, kwa miguu, kwa Kiswahili, na waongozaji wawe sisi wenyewe.

Kwanza niseme kwamba sidharau chemsha bongo. Wako wanaosema ni ujuzi wa bure, tarehe na majina tu. Ndivyo ulivyo ukibaki kwenye karatasi. Ukipewa ukuta wa kuegemea, hubadilika. Kule New York waongozaji wanaishi kwa kazi hiyo: wanawasimamisha wageni mbele ya jumba, wanauliza swali, halafu wanaonyesha. Mimi sijafika huko. Nimeifuata njia kwa kidole kwenye ramani ya simu, na hata hivyo nimejifunza.

Unaanzia barabara ya 42, kwenye jumba la New Amsterdam, lililofunguliwa mwaka 1903. Humo ndimo The Lion King ilimoanzia Broadway, kabla ya kuhamia jumba la Minskoff, barabara ya 45, mwaka 2006. Ukipanda hadi barabara ya 47 unakuta jumba lenye jina la Lena Horne, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo Broadway. Barabara ya 48 kuna jumba la James Earl Jones, aliyempa Mufasa sauti katika filamu ya mwaka 1994. Humo humo aliigiza akiwa kijana mwaka 1958, wakati jumba likiitwa Cort. Majina hayo mawili yote yaliwekwa mwaka 2022. Ukifika barabara ya 52, utaona jina la mwandishi August Wilson, lililowekwa mwaka 2005.

Huo ni mwendo wa njia kumi tu. Lakini anayezitembea atauliza mwenyewe: kama majumba haya yana karibu miaka mia, kwa nini majina ya Weusi yamefika jana? Na mwongozaji mwema ataongeza kwamba mwaka ule ule wa 1903 mchezo wa In Dahomey, uliotungwa na kuchezwa na Weusi, ulipanda jukwaani karibu na hapo, katika jumba lililokwisha kubomolewa. Atanyosha mkono kuelekea mahali pasipo na kitu na kusema: ilikuwa hapa. Swali la chemsha bongo limekuwa somo la historia.

Sasa turudi kwetu. Kituo cha kwanza ambacho kila mtu atakipendekeza ni Bâtiment du 30 Juin. Tunapita mbele yake kila wiki. Wangapi kati yetu wanajua kwamba lilijengwa kuwa jumba la michezo la mji, likichorwa na Claude Strebelle, na kufunguliwa mwaka 1956? Baadaye wabunge wakakaa walipokaa watazamaji. Swali hilo peke yake lingetosha kuchekesha kikundi kizima cha wageni. Kituo cha pili kingekuwa kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, ili tumkumbuke Joseph Kiwele, mtungaji wa Missa Katanga, ambaye alitunga pia wimbo wa taifa wa Katanga ya 1960. Kutoka hapo twende Halle de l'Étoile, ambako vijana wanaendelea kucheza hadi leo.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesema uongo. Vituo hivyo vyote viko katikati ya mji, katika sehemu iliyopangwa kwa ajili ya Wazungu. Wakati wa ukoloni uwanja mtupu, zone neutre, uliitenganisha na mitaa ya wafanyakazi Waafrika. Matembezi yasiyovuka mpaka huo yatamwambia mgeni kwamba kuigiza kuliletwa hapa na Wabelgiji pamoja na saruji. Ni lazima twende mpaka Kamalondo, mpaka Kenya, hata kama huko hakuna jengo lenye nguzo la kupigia picha.

Mwenzangu mmoja alinipinga: «Lubumbashi haina mtaa wa majumba ya michezo. Utawaonyesha nini?» Ni pingamizi la kweli. New York majumba yamebanana mahali pamoja. Kwetu mchezo ulipita katika shule za misheni, redio, televisheni na nyua za watu. Basi njia yetu ifuate mchezo ulikopita, isitafute Broadway ndogo ambayo haipo.

Pingamizi la pili ni la lugha. Mwalimu mmoja ninayemheshimu ameniambia kwamba kazi ya kitivo ifanywe kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu. Nakubali kwamba makala hii naiandika kwa sanifu. Lakini kikundi cha Mufwankolo kilicheza kwa Kiswahili cha mji huu, na vichekesho vyake vinaishi katika lugha hiyo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha hapa Lubumbashi, alikifuata kikundi hicho kikitengeneza Le pouvoir se mange entier, mchezo uliozaliwa na msemo juu ya mamlaka. Waigizaji hawakuwa na maandishi ya kukariri. Waliutunga kwa kuzungumza na kujaribu. Fabian aliyanukuu maneno yao kama walivyoyasema, kwa Kiswahili chao, katika kitabu Power and Performance kilichochapwa Marekani mwaka 1990. Ikiwa mgeni aliona lugha hiyo inastahili kitabu, sisi tunaionea haya mbele ya nani?

Na hapo ndipo ninapoona hatari. Mchezo usioandikwa hukaa katika vichwa vya walioucheza na waliouona. Majumba ya New York yana vibao na kumbukumbu zilizohifadhiwa. Kumbukumbu zetu nyingi zina miaka sabini na zaidi, na wengine tumekwisha kuwazika. Kila mwaka tunaouchelewesha mradi huu, tunafunga maktaba ambayo hatujaifungua.

Naomba sheria moja tu. Chemsha bongo huzaa uongo upesi, kwa sababu hadithi tamu hupendwa kuliko tarehe. Kwa hiyo, kila tutakalolisema kwenye kituo liwe na karatasi, au mashahidi wawili wasiosikilizana. Lisilo na hayo tuseme wazi: «watu wanasema». Kitivo cha lugha kinafundisha kuhoji maandishi. Kinaweza kufundisha kuhoji masimulizi pia. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wangeweza kufanya kazi yao ya utafiti humo: mmoja arekodi, mwingine aandike, wa tatu atafsiri kwa wageni. Gharama si kubwa. Simu tunazo, na miguu tunayo.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mzee wa funguo. Nilikuwa nimesoma, nimejaza daftari tarehe, lakini swali lake nilikuwa bado sijalijibu. Nikamwambia: «Papa, nimeshindwa. Mufwankolo ulimwona akichezea wapi?»

Akacheka. «Kwa jirani, mwana. Alikuwa na televizyo. Tulikuwa tunaikala chini, lupango yote inayala batu.»

Nikamwomba anionyeshe lupango hiyo. Iko Kenya, jirani alikwisha kufa, na wajukuu wake wangali wanaikaa. Hakuna kibao mlangoni. Mzee alisimama uani, akaonyesha mahali televisheni ilipowekwa, mahali watoto walipokaa, na ukuta ambao waliokosa nafasi waliupanda. Kisha akaanza kuigiza mwenyewe sauti ya chifu aliyemkumbuka, na wajukuu wale wakatoka ndani kusikiliza.

Kwangu hicho ndicho kituo cha kwanza. Wanaotaka kuanza nami wajiandikishe kwa mkuu wa darasa lao, na waje na swali moja kila mmoja, walilomwuliza mtu mzee nyumbani kwao.