Hii "impact" tunayoiandika kila siku

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, proposal imenikaba shingo. Na humo humo kwenye proposal ndimo lilimo neno ninalotaka tulijadili leo: impact.

Pale vimbwetani haipiti siku bila kulisikia. Ukiomba nafasi ya field unaulizwa utaleta impact gani. Mgombea wa serikali ya wanafunzi anaahidi impact. Juzi jamaa ninayelala naye chumba kimoja kala chipsi mayai, akasema zina impact. Tunacheka, lakini mimi neno hili lilishaniaibisha.

Mwaka jana nilikuwa field kwenye mradi mmoja wa maji, mkoani Singida. Nikapewa dodoso la Kiingereza nilitafsiri. Kulikuwa na swali la impact, nami bila kujiuliza nikaandika "athari", si ndivyo tulivyozoea? Nikafika kwa mzee mmoja. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, karibu kigoda. Nikamuuliza, "Babu, kisima hiki kimekuwa na athari gani kwako?" Akanitazama wee, kisha akasema, "Hapana mjukuu wangu, hakijatudhuru."

Nikadhani hajaelewa swali. Kumbe asiyeelewa ni mimi. Athari ni neno la asili ya Kiarabu, maana yake alama inayobaki kitu kikishapita, na huku kwetu limeegemea kwenye ubaya: athari za mafuriko, athari za ukame, athari za pombe. Ndiyo maana watu wa ripoti hulazimika kusema "athari chanya", kama vile wanakutuliza kwanza usikimbie.

Kwenye miradi, Kiingereza kina ngazi tatu. Output ni kile kilichofanyika: kisima kimechimbwa. Outcome ni watu kuanza kukitumia. Impact ni maisha yenyewe kubadilika: watoto hawaharishi tena, binti hakosi shule kwa sababu ya ndoo. Sisi zote tatu tunaziita matokeo, basi, na mtu akitaka kujificha humo anajificha vizuri tu.

Mimi nilijificha. Kwenye ripoti, safu ya impact, nilichapa "kisima 1", halafu kwa wanufaika nikaweka idadi ya watu wote wa kijiji. Wakati huo mama niliyefikia kwake bado alikuwa anatuma watoto korongoni kuchota maji ya chai, maana ya kisimani yana chumvi. Ya kisimani alifulia. Na ile chai nilikuwa nainywa mimi kila asubuhi! Ripoti ikasifiwa, nikapata alama zangu.

Wala si mimi peke yangu jamani. Serikali ilipoanzisha Matokeo Makubwa Sasa mwaka 2013, upande wa elimu lengo mojawapo lilikuwa ufaulu ufike asilimia 80 ifikapo 2015. Ufaulu ni matokeo, sikatai. Lakini wale Uwezo, ambao tangu 2010 walipita nyumba kwa nyumba na hadithi ya kiwango cha darasa la pili kuona kama mtoto anaweza kuisoma, walikuwa wanauliza swali jingine kabisa. Na mimi naona lao ndilo lililokuwa swali.

Rai yangu ni hii: kwenye madodoso ya Kiswahili tuachane na "athari chanya", tuulize kwa kitenzi. "Tangu kisima kichimbwe, unafanya nini ambacho zamani hukuwa unafanya?" Yule babu angenijibu hapo hapo, nanyweshea mbuzi, mengine hapana. Najua kuna mtaalamu atakayesema jibu kama hilo haliingii kwenye jedwali. Aongeze safu.

Supervisor wangu kazungushia "impact" wino mwekundu mara tisa kwenye kurasa sita, na pembeni kaandika maneno mawili tu: "Nani? Vipi?" Nina mpaka Ijumaa kuandika upya. Mwenye dodoso alilolitafsiri likaeleweka kijijini anitumie basi, boom likitoka soda juu yangu.